Nani Kaijaza?

Haya ni maneno niliyowaambia wamiliki wa bunduki na warina asali waliokusanyika Jumamosi hapa Tabora mjini, kuhusu risasi zinazojazwa upya na watu nyumbani. Wengi wenu mlikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki, wengine tumbaku haikuwapa ruhusa, na tangu siku ile simu yangu haipoi: "Babu, ulisema nini?" Basi nimeyaweka yote hapa kama yalivyotoka mdomoni.

Mwangaluka!

Nasema, mwangaluka! Naam. Sasa nimesikia watu.

Wazee wangu, mama zangu, vijana, mwenyekiti wetu wa mtaa, na wewe afande uliyejibanza pale mlangoni kama vile tutatoroka, asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa kwa sababu wali uko jikoni. Mimi ni Mnyamwezi, nusu saa kwangu ni salamu. Lakini nitajitahidi.

Wanaonifahamu wanajua nilikaa miaka 19 nikitunza ghala la silaha kwenye kambi ya uwindaji kule Ugalla, enzi hizo likiwa bado pori la akiba, kabla halijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Sikuwa mwindaji. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu risasi asubuhi, kuhesabu risasi jioni, kusafisha mitutu, na kugombana na watu. Hicho cha mwisho ndicho nilichokifanya zaidi.

Tazameni hiki kilichoko mkononi mwangu. Ni risasi. Usishtuke mama, haina baruti wala fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ni ganda na kichwa tu, na afande ameshaikagua. Naomba ipite mkono kwa mkono. Ishike, igeuze, isome kitakoni. Halafu unijibu swali moja tu, maana leo sina swali lingine: nani kaijaza?

Nani kaijaza? Mbona kimya?

Nitawaambia kwa nini mmekaa kimya. Ile namba iliyogongwa pale kitakoni inakuambia kiwanda kilichotengeneza ganda. Haikuambii ni nani aliyetia baruti iliyokuwemo mara ya mwisho. Ganda la shaba likishapigwa linaweza kuokotwa, likanyooshwa, likatiwa fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya, likarudi kwenye boksi linang'aa kama siku ile lilipotoka kiwandani. Kule Marekani na Afrika Kusini watu wanafanya hivyo nyumbani kwao kihalali kabisa, kama wewe unavyotengeneza mzinga uani. Hapa kwetu si hivyo. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa. Afande anatikisa kichwa, sawasawa. Lakini mimi sikuja kuhubiri sheria, hiyo ni kazi yake. Nimekuja kusema na yule ambaye risasi ya namna hiyo imeshamfikia. Imeachwa na mgeni, imekutwa kwenye sanduku la marehemu baba, au imenunuliwa kwa mtu aliyesema "hizi ni nzuri, nazijaza mwenyewe". Wapo humu. Msiangaliane.

Nianze na Mmarekani mmoja. Alikuja Ugalla mwezi wa Oktoba, na nyote mnaijua Oktoba ya huku, jua linakukalia utosini. Alitokea Montana, kwenye theluji. Mizigo yake ikapotezana njiani: sanduku la risasi likafika, bunduki yake ikabaki uwanja wa ndege huko ilikobaki. Bunduki ilikuwa namba .375, ile ya nyati. Na sisi ghalani tulikuwa na .375 mbili. Namba ni hiyo hiyo, risasi anazo, bunduki tunazo. Mngefanyaje?

Mimi nilishaichukua bunduki ya kambi, nimeifuta mafuta, nikampelekea. Akaipokea vizuri, akaisifu. Halafu akaniomba risasi. Nikamwambia bwana, risasi si unazo? Akatikisa kichwa. Akafungua boksi lake la plastiki akanionyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Mwandiko mdogo kama wa mtoto wa shule: tarehe, aina ya baruti na uzito wake, uzito wa kichwa, ganda limepigwa mara ngapi, na chini kabisa amepiga mstari mara mbili. Tafsiri yake ilikuwa hivi: kwa bunduki yangu tu.

Mmesikia? Aliyezijaza mwenyewe alikataa kuzipiga kwenye bunduki nyingine. Kaijaza mwenyewe, na mwenyewe kakataa!

Usiku kwenye moto nikamuuliza sababu. Akasema anayejaza risasi kwa uangalifu anaanza na baruti kidogo, chini ya kiwango, anapiga, anaangalia ganda, anaongeza kidogo, anapiga tena, mpaka ajue bunduki yake inapenda nini na inakataa nini. Vipimo vyake ni greni, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Ni kama punje mbili tatu za mchele. Sasa bunduki mbili za namba moja si lazima ziwe mapacha. Chemba, pale risasi inapokaa, ya moja imebana kidogo, ya nyingine imelegea kidogo, mtutu wa moja umelika. Kipimo kilichokuwa salama huku kinaweza kuvuka mpaka kule. Na mpaka wenyewe si wa mchezo: risasi ya namba ile ikilipuka, msukumo ndani ya chemba ni mara 400 na zaidi ya upepo wa tairi la lori. Mmeshawahi kuona tairi la lori likipasuka pale stendi? Haya. Zidisha, halafu weka shavu lako pembeni yake.

Akaongeza jambo moja ambalo sikulijua: baruti nyingi hupandisha msukumo joto likipanda. Yeye alizipima risasi zake wakati wa baridi ya Montana. Kuziacha juani juu ya boneti ya Land Cruiser saa nane ya mchana Oktoba, hilo tu lilimtia wasiwasi hata kwa bunduki yake mwenyewe. Kutwa nzima alizitembeza ndani ya kitambaa, kivulini.

Bunduki yake ilikuja siku ya tatu, akawinda, akaondoka. Akaacha risasi kadhaa zilizobaki, akasahau tu. Disemba, jamaa mmoja wa kambini, simtaji, akazichomoa ghalani nikiwa nimekwenda mnadani, akajaribu moja kwenye .375 yetu. Niliporudi nilimkuta amekaa chini ya mti, ameishika bunduki mapajani kama mtoto mgonjwa. Bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, imekwama. Kuifungua tuliigonga kwa kipande cha mninga. Ganda lilipotoka, fataki imelala bapa imejaa pembeni yote, huoni hata mduara wake, na kitakoni kuna alama inayong'aa pale shaba ilipojikamua kwenye chuma. Hizo ni dalili za msukumo uliozidi. Hakuumia. Alitetemeka mpaka jioni. Zilizobaki nilizichukua, nitawaambia baadaye ziliko.

Sasa kuna mtu atasema, babu, huyo Mmarekani humjui, mimi wangu namjua, ni fundi hodari, namwamini. Mwanangu, sikuulizi kama unamwamini. Nakuuliza: siku anajaza risasi hiyo uliyonayo, simu yake ililia? Mtoto aliingia kuomba hela ya daftari? Maana baruti ya kisasa ni ndogo, haijazi ganda. Ukishatia mara moja, ukaitwa nje, ukarudi ukatia tena, kwenye maganda mengi mara ya pili nayo inaingia bila shida. Kichwa kikishakaa juu hakuna anayeona. Hata ukitikisa sikioni, hata ukipima, maganda na vichwa vyenyewe vinatofautiana uzito, hupati jibu la uhakika. Hodari naye husahau, akatia chumvi mara mbili kwenye mboga. Mboga utaongeza maji.

Ndiyo maana nauliza: nani kaijaza? Na swali hilo lina watoto. Kaijaza lini? Kwa baruti gani? Kwa bunduki ya nani? Kama hayupo wa kujibu, au yupo anajikuna kichwa, basi risasi hiyo haina mwenyewe. Risasi isiyo na mwenyewe haipigwi.

Hapa niruhusuni nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka 1916, vita imewaelemea Wajerumani waliotawala huku, meli hazifiki, pesa zimekwisha. Wakaanza kufua sarafu huku huku Tabora, kwenye karakana ya reli. Za shaba, mpaka za dhahabu zenye picha ya tembo. Adui yuko njiani, na Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Lakini ziangalieni sarafu zile: zina mwaka wake 1916, na zina herufi T, T ya Tabora. Mtu anakimbizwa na jeshi zima, bado akapata nafasi ya kuweka alama ilikotoka kazi yake. Wewe unaniletea boksi la risasi halina jina, halina tarehe, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, unaniambia "nzuri hizo"?

Turudi. Jambo la pili ni baruti yenyewe, na hapa nasema na wenye magobole. Nasema yale yenye kibali, afande usiandike kitu.

Gobole ni babu wa bunduki zote za huku. Alipopigana Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, baruti ilikuja kwa misafara kutoka pwani, na ilikuwa baruti nyeusi, ile ya moshi. Hata askari wengi wa Mjerumani walianza vita ya 1914 na bunduki za zamani za baruti ya moshi. Ukipiga, wingu jeupe linakuonyesha kwa adui. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imeshavumbuliwa Ufaransa tangu miaka ya 1880, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye risasi za leo. Zote tunaziita baruti. Jina moja, wanyama wawili. Kiganja kile kile ulichozoea kumimina kwenye gobole, ukikijaza hii ya kisasa, umetia nguvu maradufu na maradufu tena kwenye bomba ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake.

Mtoto wa mjomba wangu alikuwa kijana mrina asali, mcheshi, mpiga ngoma. Fundi wa baruti nyeusi alikuwa amefariki, baruti haipatikani. Jamaa mmoja akampa kopo dogo: "Nimeishakupimia, wewe shindilia tu." Imetoka kwenye risasi za shotigani zilizopasuliwa. Akashindilia kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, kama alivyofundishwa na baba yake, akaweka fataki, akalenga jiwe ajaribu. Mtutu ulifunguka ubavuni kama ganda la karanga. Mkono wa kushoto ulibaki na kidole gumba na cha pembeni yake. Ni miaka mingi sasa, na bado anarina. Ukimtembelea msimu wa asali utamwona juu ya mti anafunga kamba ya mzinga kwa meno.

Mimi kila nikimwona namuuliza moyoni mwangu, siyo kwa sauti: ile baruti, nani aliipima? Jamaa yule hakujibu mpaka leo. Alihama.

La tatu nitalisema haraka, ila ni kubwa. Shotigani. Namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Ukiitumbukiza namba 20 kwenye bunduki ya namba 12 haishiki, inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Wewe unafungua, unaona patupu, unadhani hukuweka kitu, unatia namba 12 nyuma yake. Ukivuta triga hapo, hakuna bunduki tena. Viwanda vingi hutengeneza namba 20 kwa ganda la njano makusudi ili macho yakuokoe. Anayejaza nyumbani anatumia ganda aliloliokota, na kwenye mfuko mmoja anaweza kuchanganya ya kila aina. Kwa hiyo rangi usiitegemee, namba isome. Na urefu pia usome: ganda refu linaweza kuingia kwenye chemba fupi bila kulalamika, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, halafu likipigwa linakosa nafasi ya kufunguka. Kilichoandikwa kwenye mtutu na kilichoandikwa kwenye ganda visome pamoja, kama cheti cha ndoa.

Sasa la nne, na hili ni langu mimi mwenyewe. Si mahali pa kuficha aibu hapa.

Nilikuwa nimeoa juzijuzi, niko kwa wakwe zangu Sikonge, nyani wanamaliza mahindi. Baba mkwe ana shotigani ya mtutu mmoja, na kibali chake. Nikapewa nikatishe nyani, na mfuko wa risasi zilizonunuliwa senta kwa mtu aliyekuwa akijaza upya. Nikapiga ya kwanza, sawa. Ya pili ikatoa sauti kama mtu aliyepiga chafya kwenye debe. Pufu. Haikunisukuma begani. Nyani hawakugeuka hata kunitazama. Nikaona haya, nimekuja kujionyesha kwa wakwe! Nikafungua haraka, nikatupa ganda, nikashika nyingine.

Mzee akanikamata kifundo cha mkono. Alikuwa na umri mkubwa, lakini mkono ule ulikuwa koleo.

"Mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Umesikia nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, weka hiyo risasi chini, inua mtutu utazame kwa nyuma, elekeza mbinguni. Nikainua. Nilitegemea kuona duara la mwanga, jani la mwembe, wingu. Niliona giza. Giza totoro, kama umechungulia kisima usiku. Tukasukuma mdeki kutokea mdomoni, ukaishia katikati, akaweka alama kwa ukucha pale ulipofika. Kilichotoka ni kizibo cha plastiki, na marisau yakamwagika miguuni mwangu kama mtama. Yule mjazaji alisahau baruti. Fataki peke yake ilisukuma mzigo mpaka katikati ya mtutu na kuuacha hapo. Ningeweka ya tatu, ningeipiga kwenye mtutu ulioziba, na leo mngekuwa mnasikiliza hotuba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo vijana, sikio. Risasi ikilia vibaya, ikisukuma kidogo kuliko kawaida, unasimama. Hata kama nyati anakuangalia. Toa risasi, hakikisha chemba ni tupu, tazama mwanga. Na ikilia "ta" peke yake, isilipuke, usiifungue! Inawezekana fataki imewaka baruti inasitasita. Elekeza mdomo wa bunduki pale pasipo na mtu wala nyumba, uso wako usiwe nyuma ya bolti, uhesabu mpaka 60 taratibu, kama unahesabu kuku wa mama mkwe. Gobole lingojee zaidi. Mbu akikuuma, muache ale.

Mama mmoja ameniuliza kabla sijaanza, je, nikiiangalia vizuri kabla ya kupiga? Kuangalia ni lazima, mama, kwa risasi yoyote. Shingo ya ganda ikiwa na ufa, kataa. Kichwa kinachezacheza au kimezama ndani kuliko wenzake, kataa, kwa sababu kikizama msukumo unapanda. Fataki iliyochomoza nje hata unyuzi, kataa, hiyo inaweza kulipuka unapofunga bolti tu. Kutu ya kijani, kataa. Lakini macho yanakuonyesha ubaya wa nje. Ubaya wa ndani uko kwenye mkono wa mtu, na mtu hayupo.

Na siku ukijikuta nchi inakoruhusiwa, rafiki anakukaribisha upige za kwake, mwambie akuonyeshe daftari lake, halafu azipige yeye kwanza, kwa bunduki yake, na wewe umevaa miwani ya plastiki ngumu na umeziba masikio. Akikasirika, umepata jibu.

La mwisho kabisa, hizi zisizo na mwenyewe unazipeleka wapi? Si jikoni. Kuna mzee alizitupa kwenye moto wa takataka "ziishe". Risasi nje ya bunduki haiendi mbali kwa kichwa chake, lakini ganda linapasuka na vipande vya shaba na fataki vinaruka, na watoto wanapenda moto. Usizifukie, jembe litazikuta. Usizipasue kuchukua baruti, mmeshasikia habari ya ndugu yangu. Usimpe jirani. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, apige simu polisi, mkubaliane namna ya kuzikabidhi, badala ya kuzipakia kwenye bodaboda zimo mfukoni. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na afande amenihakikishia anayekuja mwenyewe anapokelewa vizuri. Si ndivyo, afande? Kasema ndivyo. Mmemsikia wote.

Niliwaahidi habari ya zile risasi za Mmarekani. Ziko saba. Ziko nyumbani kwangu, kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, miaka yote hii. Nimewafundisha watu ghala zima, na mimi mwenyewe nimelala chini ya kopo lile. Mke wangu yule pale anacheka, ndiye aliyeniambia jana usiku, "Utakwenda kuwaambia nini wenzako na kopo lako hilo?"

Afande, Jumatatu saa mbili asubuhi? Saa tatu? Haya, saa tatu, wewe uje na gari nyumbani, mimi sitembei nalo barabarani. Na yeyote humu mwenye kopo lake, anione pembeni hapa, tuandike majina gari lipite mara moja kwa wote. Mwenyekiti ana kalamu. Jamani, wali umefika.